Mashine Isiyomjua Klaudia

Siku Vestina Kahangwa aliposimama mbele ya kamati ya umoja wa wakulima wa kahawa na kusema kwamba kila kikundi kinaweza kuwa na anwani yake ya barua pepe, yenye jina la kikundi chenyewe, hakuna aliyepiga makofi. Katibu wa umoja, Mwalimu Kagaruki, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha usoni.

"Kamachumu, Ijumbi, Kimwani: vikundi vitatu, majina matatu," alisema. "Na mashine tatu za kuyahudumia?"

"Mashine moja, Mwalimu."

"Mashine moja inabebaje majina matatu?"

Vestina alikuwa amelitegemea swali hilo. Alikulia Kamachumu, kwenye kibanja cha baba yake, shamba la migomba na kahawa, na Mwalimu Kagaruki alikuwa mtu wa huko huko kabla hajastaafu na kuhamia Bukoba mjini.

"Mwalimu, ulipokuwa unafundisha Kamachumu barua zako zilikuwa zinapitia wapi?"

"Sanduku la posta la misheni."

"Na za baba yangu?"

"Humo humo. Sote tulitumia sanduku lile."

"Kila nyumba haikuwa na sanduku lake, lakini barua zilifika. Aliyekuwa anazigawa alijua hii ya Kahangwa, hii ya Kagaruki, hii ya katekista. Seva, yaani hiyo mashine moja, nayo iko hivyo. Haihitaji kuwa na nyumba Ijumbi ili ipokee barua za Ijumbi. Inatosha ilijue jina la Ijumbi na ijue barua zake ziwekwe wapi."

Mwalimu Kagaruki alionekana kuipenda picha hiyo kuliko alivyotaka kuonyesha. Hata hivyo aliona ni usumbufu. Umoja ulikuwa na anwani moja tangu zamani, na barua zote ziliingia kwenye kompyuta ya ofisini kwake, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwa nini kuongeza mambo?

Sababu ilikuwa Isaac. Huyu alikuwa mkaangaji wa kahawa kutoka Arusha, mtu wa maneno machache, aliyekuja msimu uliopita akapita kibanja kwa kibanja, Kamachumu, Ijumbi mpaka Kimwani. Alitafuna punje, alinusa magunia, akaonja kahawa ya kila kikundi peke yake. Mwishoni aliwaambia wanachofanya ni kosa. Kahawa za mahali patatu, kila moja na ladha yake, walikuwa wanazichanganya kwenye gunia moja na kuziita kwa jina la umoja. Yeye angenunua kila moja kivyake na kuandika jina la kikundi juu ya pakiti. Sharti lake lilikuwa moja: aandikiane na kila kikundi moja kwa moja, kwa anwani yenye jina la kikundi chenyewe. Aliwahi kutapeliwa na mtu mwenye anwani ya bure aliyejiita mwenyekiti wa wakulima wa mahali fulani, na hakutaka kurudia.

Aliyelishika jambo hili kwa mikono miwili ni Klaudia, mwenyekiti wa kikundi cha Ijumbi. Ndiye aliyewafundisha wanawake wenzake kuchuma matunda mekundu tu na kuacha ya kijani yaive, hata walipomwita mkali. Siku ile kwenye kamati aliwasikiliza wanaume wakivutana kuhusu anwani moja au tatu, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Mimi nachuma kahawa tangu sijaolewa. Jina la Ijumbi sijawahi kuliona limeandikwa mahali popote, isipokuwa kwenye kibao cha barabarani. Mwacheni mtoto afanye."

Wakamwacha afanye.

Vestina hakuwa mtoto. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka kadhaa, kwenye kampuni iliyotunza seva za watu wengine, akarudi Bukoba kwa hiari yake, jambo ambalo majirani wa mama yake hawakulielewa mpaka leo. Kule alikuwa mmoja kati ya wengi. Alirekebisha kipande cha kitu ambacho mwenyewe hakuwahi kukiona kizima. Hapa angekijenga kitu chote tangu msingi, na watakaokitumia angewajua kwa majina na kwa vicheko vyao.

Alikodi seva moja ndogo. Ndani yake akaweka programu ya kupokea barua katika kontena lake, yaani chumba kidogo kilichojitenga na mambo mengine ya seva, chenye kila kitu programu inachohitaji. Sasa programu ya namna hiyo, ukiitoa ilivyo, haijui kitu kuhusu Muleba, wilaya ya vikundi hivi vitatu. Haijui iitwe nani, ipokee barua za nani, iziweke wapi. Mambo hayo huambiwa kwa vigeu vya mazingira. Hivyo ni mistari mifupi inayokaa kwenye faili nje ya programu, kila mmoja una jina na thamani yake, na programu huisoma pale inapoingizwa kwenye chumba chake, kama mgeni anavyoelezwa mlangoni kwamba hapa ni kwa fulani, viatu acha hapo, chumba chako ni kile.

Majina ya mistari hiyo Vestina aliyatunga mwenyewe, na aliyatunga kwa Kiswahili. Dar es Salaam wasingemruhusu. Hapa nani wa kumkataza? Mstari mmoja aliuita VIKOA_VYA_HAPA: huo ulitaja kikoa cha seva yenyewe, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani, ambalo watu wake ni wale tu wenye akaunti ndani ya mashine, na kwa sasa alikuwa yeye peke yake. Mstari wa pili aliuita VIKOA_PEPE: humo ndimo walimokaa Kamachumu, Ijumbi na Kimwani, vikoa ambavyo watu wake hawana akaunti kwenye mashine, wana masanduku tu, na kila kikoa kina orodha yake. Mstari wa tatu, GHALA_LA_BARUA, ulisema barua zote zihifadhiwe kwenye diski ya nje ya kontena. Aliposoma mistari hiyo asubuhi moja ofisini, dirisha likiwa wazi na upepo wa ziwani ukipeperusha karatasi za Mwalimu Kagaruki, alijisikia kama mtu aliyepaua nyumba yake mwenyewe. Siku moja, alijisemea, kijana wa Muleba atakayeshika kazi hii baada yake ataisoma na kuelewa hata kabla hajafunguliwa kitabu.

Uzinduzi ulifanyika Kamachumu, kwenye ukumbi, asubuhi ya baridi yenye ukungu uliokuwa bado haujapanda kutoka migombani. Vikundi vyote vitatu vilikuja. Kina mama wa Ijumbi walikuja wamevaa sare mpya. Watu wa Kimwani, waliotoka mbali kuliko wote, walifika wa kwanza na kukalia viti vya mbele. Kompyuta iliwekwa mezani, na projekta ikamulika ukuta mweupe ili kila mtu aone. Mpango ulikuwa rahisi: Isaac, akiwa Arusha, atume barua tatu, moja kwa kila mwenyekiti, na kila mwenyekiti aifungue yake mbele ya watu.

Ya Kamachumu iliingia kwanza. Mwenyekiti wao, Agnetha, aliisoma kwa sauti ya kanisani, na watu wake wakashangilia. Ya Kimwani ikafuata. Kahigi, mwenyekiti wao, aliisoma kimya kimya, akageuka na kusema, "Imeandikwa jina langu na jina letu," kisha akakaa kwa sababu hakuwa na la kuongeza.

Klaudia akasogea mezani. Alikaa, akaweka mikono magotini, akatazama sanduku lake tupu ukutani. Watu wakangoja. Vestina alibonyeza pa kubonyeza, sanduku likabaki tupu. Watu wakaanza kukohoa.

Ndipo simu ya Vestina ikalia. Alikuwa Isaac, na kwa kuwa ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, Vestina aliona vibaya kujificha. Akaiweka simu kwenye spika.

"Dada Vestina, mbili zimekwenda. Hii ya Ijumbi imenirudia."

"Imerudi na maneno gani?"

"Inasema hakuna mpokeaji anayeitwa Klaudia. Hajulikani."

Ukumbi ukacheka. Klaudia hakucheka.

"Sijulikani?" aliuliza. "Ijumbi? Mimi?"

Aliuliza taratibu, kama mtu aliyesikia vibaya, na kicheko kikakatika chenyewe. Vestina alihisi uso unamwaka. Mwalimu Kagaruki aliinama karibu na sikio lake.

"Sema mtandao unasumbua," alimnong'oneza kwa huruma. "Watu wataelewa. Tutaendelea na chakula, wewe utairekebisha polepole ukirudi mjini."

Ilikuwa njia ya kutokea, na ilikuwa imetolewa kwa nia njema. Mtandao husumbua kweli, nani angebisha? Lakini Vestina alimtazama Klaudia aliyekaa na sare yake mpya mbele ya ukuta mtupu, akajua kwamba akisema hivyo, mama huyu atarudi Ijumbi akiamini mashine imemkataa, na kwamba yeye Vestina atakuwa amemwacha aamini.

"Mtandao uko sawa, Mwalimu," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Barua imefika mpaka kwenye seva yetu. Seva ndiyo iliyomkataa mama, na seva inafanya nilivyoiambia mimi. Kwa hiyo kosa ni langu. Naomba mnivumilie nilitafute hapa hapa."

Akavuta kiti, akakaa karibu na Klaudia.

"Mawaitu," alimwambia chini chini, kwa neno la nyumbani la kumheshimu mama, "nitalipata."

"Litafute," alisema Klaudia. "Mimi siondoki kwenye kiti hiki."

Vestina akafungua kumbukumbu za seva, ambamo kila barua inayobisha hodi huandikwa ilikotoka na ilivyojibiwa. Barua za Kamachumu na Kimwani zilipokelewa na kupelekwa kwenye masanduku yao. Ya Ijumbi seva ilikwenda kuitafutia mpokeaji kati ya wenye akaunti za mashine, ikamkuta mtu mmoja tu, Vestina, na ikajibu kwamba Klaudia hayupo.

Kwa nini ikamtafute huko? Akafungua faili la vigeu. Na hapo akaiona sababu, ikiwa kubwa ukutani kwa projekta, ingawa hakuna mwingine aliyejua anachokitazama. Ijumbi ilikuwa kwenye VIKOA_PEPE, mahali pake. Ilikuwa pia kwenye VIKOA_VYA_HAPA.

Akakumbuka kila kitu. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kujenga masanduku, alitaka kujua tu kama seva inapokea barua. Akachukua jina la Ijumbi, akaliandika kwenye mstari wa kwanza, akajitumia barua yeye mwenyewe kwa jina hilo, ikaingia, akafurahi. Iliingia kwa sababu yeye alikuwa na akaunti. Baadaye alipojenga masanduku aliiongeza Ijumbi mahali pake panapostahili, asikumbuke kuiondoa kule kwa mwanzo. Kamachumu na Kimwani alizijaribu upya moja moja. Ijumbi hakuijaribu. Aliamini ilishafanya kazi.

Akawaeleza. Alisimama, akaonyesha kwa kidole mistari miwili ukutani.

"Hawa wa mstari wa juu ni watu wanaolala ndani ya nyumba. Hawa wa chini ni watu wenye barua zao kwetu lakini wanalala kwao. Mimi Ijumbi nimeiandika kote kuwili. Barua ya mama ilipofika, mashine ikaangalia juu kwanza, ikasema, aha, huyu ni wa humu ndani. Ikaingia vyumbani kumtafuta. Haikumkuta, ikamwambia aliyetuma, huyu hayupo. Kule kwenye masanduku haikufika kabisa."

"Kwa hiyo inanitafuta mahali ambapo sikai," alisema Klaudia.

"Ndiyo."

"Iambie nakaa kwetu."

Vestina akalifuta jina la Ijumbi kutoka mstari wa juu, akalihifadhi faili, akaizima programu na kuiwasha tena. Akampigia Isaac, kwa sababu barua iliyokataliwa namna ile haijirudii yenyewe, ni mpaka aliyeituma aitume upya. Isaac akatuma. Wakangoja.

Simu ikalia.

"Imerudi tena," alisema Isaac. "Maneno yale yale."

Safari hii hakuna aliyecheka. Vestina alisoma mstari tena. Ulikuwa sahihi. Akasoma kumbukumbu. Seva ilikuwa bado inamtafuta Klaudia vyumbani, kana kwamba haijaambiwa kitu. Akaacha kibodi, akajiuliza swali ambalo angemwuliza mtu mwingine yeyote: programu hii mara ya mwisho ilisoma faili lini?

Si sasa hivi. Kuizima na kuiwasha hakukuifanya isome upya. Kontena hupewa vigeu vyake siku linapoundwa, na hubaki navyo. Ukilizima ukaliwasha ni kama mtu aliyelala akaamka, anaamka na yale yale aliyoyajua jana. Ili lipate maneno mapya, lazima la zamani liondolewe na liundwe jipya.

"Nalifuta hili," alisema, "naunda lingine."

Agnetha wa Kamachumu akasimama ghafla. "Unafuta? Na barua yangu je? Ndiyo kwanza imeingia!"

"Na yangu?" alisema Kahigi.

Hata Mwalimu Kagaruki aliinua mkono. "Vestina, tafakari kwanza. Mbili tunazo mkononi. Usije ukazipoteza kwa kutafuta ya tatu."

Na hapa Vestina, ambaye dakika chache nyuma alikuwa na uso wa moto, alijikuta ametulia. Hili alikuwa amelipanga. Alikuwa amelipanga asubuhi ile ya upepo wa ziwani, kabla hajajua litahitajika lini.

"Hazimo humo," alisema. Akaonyesha mstari wa tatu. "Barua zenu ziko kwenye ghala la nje. Ninachovunja ni kibanda cha mlinzi. Barua sizigusi. Mama Agnetha, fungua yako ukimaliza kuniona nafanya. Ukiikosa, niite mwongo mbele ya Kamachumu nzima."

Agnetha akamtazama kidogo, kisha akakaa. "Fanya," alisema.

Alifuta. Kwenye ukuta jina la kontena likatoweka, na mtu fulani nyuma akavuta pumzi kwa sauti. Akaandika amri ya kuunda jipya, mistari ikapita, programu ikaamka, ikasoma faili, ikajitambulisha. Agnetha alikuwa ameshainama juu ya kompyuta kabla hajaitwa. Akafungua sanduku lake. Barua ilikuwepo, na ya Kahigi ilikuwepo.

"Ipo!" alisema Agnetha. "Ipo kama ilivyokuwa!"

"Isaac," Vestina alisema kwenye simu, "tuma."

Klaudia hakuwa ameinuka kwenye kiti chake tangu mwanzo. Barua ilipotokea ukutani kwa herufi nene, jina lake likiwa mbele na jina la Ijumbi likiwa nyuma, alikaa akiitazama muda mrefu kiasi kwamba Vestina alidhani hajaiona.

"Imeingia, mawaitu."

"Naiona. Acha niiangalie."

Kisha akaifungua mwenyewe na kuisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, ukumbi umekaa kimya. Isaac alisema kahawa yao ameikaanga na kuionja pamoja na wateja wake, na wameipenda kwa uzito wake na utamu unaobaki mdomoni. Alisema ataichukua msimu huu. Mwisho aliuliza swali: kwenye pakiti, chini ya neno kahawa, aandike jina gani?

Kina mama wa Ijumbi wakasimama wote kwa mara moja. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka barabarani, na watu waliokuwa wanapita na mikungu ya ndizi vichwani wakachungulia mlangoni kuuliza ni harusi ya nani. Mwalimu Kagaruki alitaka wapige picha ya pamoja. Klaudia akamwambia angoje, anajibu barua. Vestina alijitolea kumwandikia. Akakataa. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, na kila herufi ilipotua ukutani kina mama waliitaja kwa pamoja: I, J, U, M, B, I. Akatia nukta. Akabonyeza pa kutuma kwa nguvu, kama mtu anayegonga muhuri.

Wakati wa chakula, ndizi za ebitoke na samaki vikiwa mezani, Mwalimu Kagaruki alimsogelea Vestina na sahani yake.

"Ile mistari yako," alisema. "Naomba niione tena."

Vestina akamfungulia. Mwalimu alikuwa amefundisha Kiswahili maisha yake yote. Alisoma VIKOA_VYA_HAPA, akasoma VIKOA_PEPE, akasoma GHALA_LA_BARUA, midomo ikitembea bila sauti.

"Nilidhani humu ndani lugha yetu haiingii," alisema.

"Inaingia, Mwalimu. Mashine haijali. Inataka tu jina liandikwe sawasawa kila mahali."

"Upatanisho wa ngeli umeuzingatia," alisema kwa sauti ya mwalimu anayetoa alama, akachukua kipande cha samaki. Baada ya kutafuna akaongeza, bila kumtazama, "Baba yako nitamwambia. Wewe hutamwambia vizuri, utajishusha. Nitamwambia mimi."

Vestina alicheka, lakini ilibidi ageuke upande kidogo.

Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha huko Ijumbi, Klaudia hakukimbilia nyumbani kama kawaida yake. Alisimama uwanjani mbele ya kanisa, kitenge kimefungwa vizuri, na kila aliyekuja kumsalimia alitajiwa anwani ya kikundi tangu herufi ya kwanza, na ile alama ya katikati, na nukta zake zote. Kisha alitakiwa airudie. Aliyekosea alirudishwa mwanzo.